Matatu Maji Yakitoka, Tisa Yakijaa

Kutoka mlangoni kwetu, Tibirinzi, mpaka Madungu ni uchungu mmoja. Mpaka Wawi ni machungu manne. Wesha ni sita kwa miguu, na ukipata gari la karafuu linaloteremka bandarini ni mawili tu, lakini utafika umepauka vumbi mpaka mgonjwa adhani umekuja kumchukua roho.

Hayo si maneno yangu. Mimi nimesomeshwa kupima kwa maili, na nilikuwa nikijiona sana kwa hilo. Ni maneno ya jirani yetu ambaye Tibirinzi nzima ilimwita Mkunga, na humu daftarini nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu sikupata kumsikia mtu akimwita vingine. Uchungu aliopimia njia ni ule wa mwanamke anayezaa: unakuja, unapoa, unarudi. Tangu uje mpaka urudi tena, huo kwake ndio mwendo mmoja. Wengine hupima njia kwa sigara wanazovuta wakiwa wanatembea, na sijasikia mtu akiwacheka.

Jambo moja lilikuwa likinifurahisha, nami nalikiri hapa kwa aibu. Njia zote alizihesabu kuanzia mlangoni kwetu, si mlangoni kwake, ingawa nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka yetu. Nilidhani ni heshima. Nilidhani kwa kuwa mimi ndiye msichana wa pekee mtaani aliyevushwa kwenda sekondari Unguja, Mkunga kaona mlango wetu ndio uwe mwanzo wa dunia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mtu wa umri huo akiona hata mbuzi amemgeukia, hudhani anasifiwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, kainama kidogo juu kama upembo wa kuangulia matunda. Makubadhi yake aliyavaa mjini na kuyashika mkononi shamba, si kama wengine wanaovaa ili wasichomwe na miiba. Alisema miguu inapona, ngozi hununuliwa. Mkoba wake wa ukili ulikuwa na wembe uliofungwa kitambaani, uzi, chumvi, sabuni na chupa ya mafuta ya nazi, na hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Niliwahi kuuinua mara moja nimsaidie. Akanitazama mpaka nikaurudisha pale pale ulipokuwa, hata upande ulikotazama.

Watu hakuwajua kwa majina. Aliwajua kwa walivyokuja. Muuza mkate alikuwa Miguu Mbele. Mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa Wa Ijumaa Mchana, na akipita Mkunga humwambia, "Masalkheri, Wa Ijumaa," naye mwalimu huitikia huku akitazama chini. Mimi nilikuja na viganja usoni. Ndivyo alivyosema, nami sina shahidi mwingine, maana mama akiulizwa hucheka tu. Basi jina langu likawa Bi Haya.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Bi Haya. Hujaondoa mikono tu usoni?"

Nilikuwa siondoi. Nilikuwa msichana ambaye mgeni akibisha hodi hukimbilia jikoni, akajifanya anapuliza moto uliozimika tangu asubuhi. Kule dakhalia, bweni la skuli, wenzangu wa Unguja walikuwa wakingoja nifungue kinywa waniige nisemavyo, na mimi nikaamua kwamba dawa yake ni kutofungua. Nilifaulu vizuri. Mwalimu mmoja alinifundisha muhula mzima akidhani nina kigugumizi.

Mkunga hakuogopa damu, wala giza, wala wanaume. Aliogopa kuku. Siku moja aliitwa Madungu, na uani palikuwa na kuku mwenye vifaranga. Mkunga akasimama kizingitini, mkoba kifuani, akakataa katakata kupita. Mwenye nyumba akaanza kueleza kwamba kuku huyo ni mpole. Kutoka ndani ikatoka sauti ya mke wake: "Mfungeni kuku, jamani, mie nazaa." Wakamfunga. Mkunga akapita upande wa ukutani akiwa amempa kuku uso, kama mtu anayepishana na nyoka.

Na watoto hakuwapenda. Hilo ndilo lililonishinda kufahamu. Akishamtoa mtoto na kumpangusa, humkabidhi mama yake kama anayerudisha kibakuli cha jirani: asante, hiki chako. Siku ya arubaini akialikwa hula, hushukuru, na hamshiki mtoto. Wanawake walisema ni kwa sababu yeye mwenyewe hakuzaa, na waliosema hivyo walisema kwa sauti ndogo. Nilimwuliza mara moja, nikijitia mwandishi, alizaliwa wapi na watu wake ni nani. Akaniambia, "Mie nimezalisha. Huko kwengine waulize wenye kazi hiyo." Basi huko kwengine nimekuacha.

Siku za siasa zilipokuja, watu wa chama hiki hawakukanyaga msibani kwa watu wa chama kile, na kuna maduka ambayo watu walikuwa wakiyapita kama makaburi. Mkunga aliingia nyumba zote. Jirani mmoja akamsema kwamba asubuhi katoka kwa watu fulani na jioni anaingia kwa watu fulani wengine. Mkunga akajibu, "Nimekuwa nikitazama, yakhe. Hajatoka hata mmoja na kadi mkononi." Halafu akaomba maji ya kunywa katika nyumba hiyo hiyo, na wakampa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana naona nalizunguka kama Mkunga na kuku.

Likizo ile tulipewa kazi ya skuli: tuandike historia na jografia ya wilaya tunayotoka, kurasa nne, pamoja na ramani. Wenzangu wa mjini Unguja walikuwa na majumba na majina ya kuandika. Mimi nilikuwa na wilaya ya Chake Chake, na ukweli ni kwamba nilikuwa siijui. Niliijua Tibirinzi, niliijua Madungu kwa shangazi, na Wesha niliiona mara mbili kwa mwaka, nikiwa nimeziba pua kwa harufu ya papa, napanda au nashuka meli. Kwa hiyo nikafanya kama wafanyavyo wanachuoni wakubwa. Nikaipaka karatasi mafuta ya nazi mpaka ikaonyesha upande wa pili, nikaiweka juu ya ramani ya kitabuni, nikachora. Kisha nikaandika: "Wilaya yetu imepakana na bahari pande mbili." Nikaisoma sentensi hiyo mara nyingi. Niliona ni nzuri.

Kwa upande wa historia nilimfuata Mkunga, kwa kuwa alikuwa karibu na sikulazimika kusema na mwanamume. Nikamwuliza habari za magofu ya Pujini, pale mtawala wa zamani alipojenga ngome, na kisima ambacho husemwa alikitia ukuta katikati ili wake zake wawili wakiteka maji wasionane.

"Nimekiona," akasema. "Aliyejenga ukuta ule hakuwajua wanawake. Sauti inapita juu."

"Na alikuwa mtawala wa namna gani, Bi?"

"Mie najuaje? Sikumzalisha."

Nikamwuliza lini barabara ya Wesha ilitengenezwa vizuri. Akafumba macho akahesabu vidole. "Mwaka wa wale pacha waliotangulia kuota meno. Wa pili alikuja nimeshafunga mkoba." Hiyo ndiyo historia niliyoipata. Sikuandika hata neno. Niliandika mambo ya kitabuni, ambayo yalikuwa na tarehe.

Katika wiki ile ile tangazo likapita kwa masheha, wakuu wa mitaa. Ofisi ya wilaya ilitaka kuwapa wakunga vyeti, kila mmoja na vitongoji vyake, ili ijulikane nani anashika wapi. Asiye na cheti asishike mkoba. Kila mkunga apeleke karatasi ya mahali anapozalisha na umbali wa kila mahali. Mkunga aliandika kwa herufi za Kiarabu, tena vizuri kunishinda, lakini karani alitaka herufi za skuli. Akaja kwetu mchana, akakaa kwenye jamvi, miguu kainyoosha.

"Bi Haya, andika."

Akaanza. Madungu, mmoja. Wawi, manne. Wesha, sita. Kijiji cha Vitongoji, kumi. Ndagoni haihesabiwi, ngoja mashua. Kalamu yangu ikawa inakwenda mpaka pale nilipotakiwa kutia neno lenyewe, ikasimama. Niliona karani akiipokea karatasi. Mwanamume yule, mwenye kalamu mbili mfukoni, nilikuwa nikimkwepa njiani hata akiwa mbali kama mnazi na mnazi. Niliona akisoma neno uchungu, na mwandiko ni wangu.

"Lakini Bi," nikasema, nikitafuta pa kutokea, "machungu hayalingani. Mwanzo huwa mbalimbali, kisha hukaribiana. Huwezi kupimia."

"Na maili zenu hulingana matopeni?"

Nikaendelea kuandika. Akafika Mkondoni. Mkondoni ni kitongoji cha nyumba kumi na moja, ng'ambo ya mkono wa bahari unaoingia ndani ya mikoko chini ya Tibirinzi. Maji yakitoka unavuka kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo. Yakijaa, inabidi uzunguke Wawi kisha ushuke shamba kwa shamba.

"Matatu maji yakitoka, tisa yakijaa," akasema, na kwa mara ya kwanza aliitaja hesabu bila kufikiri. "Yakitoka ni kwangu. Yakijaa ni kwa mkunga wa Wawi, yeye yuko upande wao. Ndivyo tunavyokwenda."

Alipoondoka nilichukua rula. Ndiyo, rula. Nikaiweka juu ya ramani yangu iliyonuka nazi, nikapima kutoka Tibirinzi mpaka kila mahali, nikageuza kuwa maili. Nilijiambia naisaidia ofisi. Ukweli ni kwamba sikuweza kuliandika neno lile mwanamume alisome. Mpaka Mkondoni hapakupita upana wa ukucha wangu mdogo. Nikaandika: maili moja. Bahari haikuonekana, kwa kuwa kwenye kitabu mkono ule wa maji ulikuwa mwembamba kama unywele, na mafuta ya nazi yaliupoteza kabisa. Kwa hivyo naweza kusema kwamba mimi ni mtu niliyekausha bahari kwa mafuta ya kupikia.

Mkunga aliweka kidole gumba bila kusomewa. Aliniamini.

Vyeti vikatoka baada ya siku kumi na mbili. Cha Mkunga kilikuwa na Madungu na Tibirinzi, na Mkondoni pia, kwa kuwa ilikuwa maili moja. Cha mkunga wa Wawi hakikuwa na Mkondoni. Mkunga alinitaka nimsomee. Nilimsomea haraka, na neno maili nikalimeza kidogo. Akakikunja akakitia ndani ya mkoba, chini ya chumvi.

Ilikuwa alasiri ya bamvua, maji yamejaa mpaka mizizi ya mikoko haionekani, nilipomwona mwanamume akija mbio kutoka njia ya Wawi, shati limemganda mwilini. Alikuwa wa Mkondoni. Mke wake alikuwa ameshikwa tangu asubuhi. Mtumbwi wao ulikuwa juu, umepinduliwa, unazibwa nyufa kwa kalafati. Akapita kwanza kwa mkunga wa Wawi, naye akamwonyesha cheti chake: Mkondoni haimo, yeye ana watoto wa kulisha, hawezi kupokonywa mkoba. Basi akazunguka kote.

Nilikuwa mlangoni. Nilisikia yote. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Karatasi uliandika nini?"

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ndogo, akanitaka nirudie. Nikarudia: maili moja.

Nilingoja makofi, au laana, au amwite mama. Akayavua makubadhi akanipa niyashike. "Chukua buibui lako, Bi Haya. Twende tukaipime."

Hakuzunguka. Alisema yule mume keshautumia muda wa kuzunguka. Tukashuka mikokoni, naye akaingia majini, mkoba kichwani, akipapasa chini kwa miguu. Mume nyuma yake, mimi nyuma ya mume. Sijui kuogelea. Mimi ni mtoto wa kisiwa, nimepata alama nzuri za jografia, na sijui kuogelea. Maji yalifika kiunoni, kisha kifuani, buibui likanielea pembeni kama pweza, na mguu mmoja wa makubadhi ya Mkunga ukanitoka ukaenda zake. Yule mume alinishika mkono wa juu akaniburura kama gunia. Nilikuwa sijapata kushikwa na mwanamume asiyekuwa wa nyumbani, na nitakiri kwamba katikati ya maji yale, huku kuna mtu anakufa ng'ambo, nilipata nafasi ya kuona haya.

Tulimkuta mtoto keshatoka. Mama mkwe alikuwa amemkata kitovu. Lakini mama damu ilikuwa haimkatiki, na wanawake waliokuwa mlangoni walinyamaza namna ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia. Mkunga akaingia akafunga pazia. Nikabaki nje, nimeketi juu ya kinu kilichopinduliwa, nachuruzika maji, na kubadhi moja mkononi. Kulikuwa na kuku pale, wengi. Niliwafukuza. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya siku ile iliyomsaidia mtu.

Sikuomba kwa maneno mazuri. Niliomba: asife, asife kwa rula yangu. Maji yalianza kutoka, mizizi ya kwanza ikachomoza, na bado kimya. Halafu nikasikia sauti ya Mkunga ikimgombeza mtu kwamba uji umetiwa sukari nyingi, na wanawake wote mlangoni wakaanza kusema kwa pamoja. Nikajua kapona.

Alipotoka aliketi kando yangu. Kanga yake ilikuwa imekauka chini na juu, ila mstari wa chumvi ulikuwa umebaki kifuani, mweupe. Akauwekea kidole.

"Maili yako ilinifika hapa," akasema.

Hakusema zaidi, wala siku ile wala nyingine. Hata kubadhi hakuliuliza.

Siku zilizobaki za likizo nilimfuata kila alikokwenda, na daftari. Mama alinipa ruhusa kwa sharti moja, kwamba niandike Mkunga asemavyo, si nijuavyo mimi. Nilitembea Wawi, nilitembea Vitongoji mpaka kwenye mawe ya pwani ya mashariki, nilitembea Wesha nikaona kumbe kuna watu wanaishi kule, haikuwekwa kwa ajili ya meli yangu tu. Niligundua kwamba kuna kilima ambacho kwenda ni machungu mawili na kurudi ni mmoja. Niligundua kwamba mahali penye mapakacha ya mihogo njiani ni karibu zaidi kuliko mahali penye mbwa. Nilipata malengelenge. Mkunga aliyatazama akasema sasa naanza kujua jografia.

Kisha tukaenda ofisini. Nilikuwa nimeandika karatasi mpya, neno lile limo katika kila mstari, na mpango wangu ulikuwa kumpa karani na kukimbia. Mkunga akataka isomwe kwanza. "Mara ya kwanza niliweka kidole sikusikia," akasema. "Hino nataka kuisikia."

Palikuwa na karani, na masheha wawili waliokuja kwa mambo yao. Nikaanza kuisomea kola ya nguo yangu.

"Sisikii," akasema karani.

"Madungu," nikasema. "Uchungu mmoja."

Karani akaweka kalamu chini. "Nini mmoja?"

Nilitazama mlango. Ulikuwa karibu, chini ya nusu uchungu. Mkunga akasogea kwenye meza akainama kama upembo.

"Wee wajua uchungu ni nini," akamwambia karani. "Mama yako alikuwa nao kutoka adhuhuri hata adhuhuri, kwa ajili ya kichwa hicho hicho unachokikunjia uso. Mwache mtoto asome."

Masheha wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Karani alijitahidi kutocheka, kisha akashindwa. Nami nikasoma. Nilisoma yote, Wesha na Wawi na kilima cha kwenda na kurudi, na nilipofika Mkondoni nilisoma kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka barabarani: matatu maji yakitoka, tisa yakijaa, yakitoka ya Tibirinzi, yakijaa ya Wawi.

"Haiwezekani," akasema karani, lakini kwa upole sasa. "Ofisi haiwezi kuweka mpaka unaohama mara mbili kwa siku."

"Basi iandikie bahari barua," akasema Mkunga.

Wakaandika. Mkondoni ikatiwa katika vyeti viwili, na kwa kalamu ya karani mwenyewe, pembeni, habari ya maji. Na mimi nilirudi Unguja nikaikabidhi skuli ramani ile ya mafuta, kwa kuwa sikuwa na wakati wa kuchora nyingine. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Ikabandikwa ukutani muhula mzima, na Mkondoni yake kavu kama kiganja. Kila nikiingia darasani niliitazama, na sikusema kitu. Hilo sijamwambia mtu yeyote ila daftari hili.

Nimemwona mara ya mwisho likizo hii, juzi. Magoti yamemchakaza, na ofisi imempa nesi kijana aliyesomea kazi hiyo, ili amfuate ajifunze njia kabla Mkunga hajaweka mkoba. Niliwakuta chini kwenye mikoko, asubuhi, maji yanatoka, wanangoja yapungue wavuke kwenda Mkondoni kumtazama mja mzito. Sikuwa na shughuli, nikasimama nao. Sasa nasimama na watu.

Nesi alitoa karatasi kwenye mfuko wa sare yake. Ilikuwa ni orodha yangu, imepigwa taipu.

"Ni wewe uliyeandika hii?" akaniuliza. Nikasema ni mimi, na labda nilinyoosha shingo. "Nzuri sana. Ila nimeifuata kwa saa ya mkononi, na kuna kitu sikifahamu. Huu uchungu ni wa nani? Wa mimba ya kwanza au wa aliyezoea? Maana hayarudi sawasawa."

Shingo yangu ikarudi mahali pake. Nilikuwa nimeizunguka wilaya nzima kwa miguu, nimelisema neno lile mbele ya wanaume watatu, nimeona nimeshakuwa bingwa, na sikuwahi kuuliza. Nikamtazama Mkunga.

"Hilo Bi Haya hakuniuliza," akasema. "Aliniambia tu hayalingani."

"Basi wa nani, Bi?" akauliza nesi.

"Wangu."

Alikuwa akitazama maji, kama mtu anayetazama chungu kama kimechemka.

"Nlikuwa nikikaa kule Mkondoni. Mkunga wa wakati ule nyumba yake ndiyo hiyo wanayokaa kina Bi Haya. Maji yalikuwa yamejaa, nikazunguka kwa miguu. Nilihesabu ili nisilie. Tisa, nikawa mlangoni."

Nesi akauliza, taratibu, "Na mtoto?"

"Tulichelewa," akasema Mkunga.

Mizizi ilikuwa imeanza kuonekana. Akainama akavua makubadhi, yale mapya niliyomletea kutoka Unguja, akayafunga pamoja kwa kamba akanipa. Niliyashika kwa mikono miwili. Akaingia matopeni, nesi akafuata, nami nikafuata nyuma yao. Mpaka ng'ambo nilihesabu njia nzima, ingawa hesabu yenyewe ninaijua.